Tchomia kwa Miguu

Matangazo ya vyumba vya likizo katikati ya miji yanafanana. Mwenye nyumba ya Stone Town atakuandikia kwamba Forodhani iko hatua chache tu, Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara, na soko la Darajani unalifikia bila kutoa jasho. Wa Mombasa atataja Fort Jesus. Mgeni naye anachotaka kujua ni kimoja: nikishafunga mlango wangu asubuhi, miguu itanifikisha wapi? Hilo ni swali zuri kuliulizia pia Tchomia, mji wa wavuvi kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Albert, wilaya ya Djugu, jimbo la Ituri, mashariki ya Kongo, kiasi cha kilomita 60 mashariki ya Bunia.

Wasomaji wengi wamelisikia jina la Tchomia katika habari za vita, za wakimbizi na za maradhi. Mambo hayo yalitokea na nitayafikia. Lakini mji uliotajwa kwa misiba peke yake huonekana kama hauna asubuhi, hauna soko wala chakula cha mchana, na huko ni kuuonea. Tchomia ni mji unaofanya kazi kwa bidii kubwa kila siku ya Mungu, na kwa kuwa umebanwa kati ya ziwa na ukuta wa milima, karibu kila kilicho cha thamani ndani yake kinafikika kwa miguu.

Kwanza, unavyofika. Bunia iko juu, karibu mita 1,270 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko mita 600 na ushee. Maana yake barabara inayopita Bogoro inashuka zaidi ya mita 600 katika ukingo wa Bonde la Ufa, na ukiwa nyuma ya pikipiki utalisikia joto likipanda mwilini kadiri vilima vinavyobaki nyuma. Juu kuna baridi na mashamba. Chini ni tambarare ya nyasi, vumbi na makundi ya ng'ombe, kwa sababu mvua nyingi huishia milimani. Halafu ziwa linajitokeza mbele, pana hata ukadhani ni bahari. Lina urefu wa karibu kilomita 160 na upana wa kilomita 30 hivi. Ng'ambo ni Bunyoro, Uganda, na hewa ikiwa safi milima yake huonekana.

Chumba chenyewe kisikupe shida. Nyumba za wageni za huku ni za kawaida: kitanda, chandarua, ndoo ya maji. Chukua iliyo karibu na soko, lala mapema, na uamke kabla ya jua.

Hapo ndipo Tchomia inapotoa zawadi yake ya kwanza. Mji uko magharibi ya ziwa, kwa hiyo jua linachomoza kutoka majini, na mitumbwi iliyokesha inarudi ikiwa na mwanga mgongoni. Ingekuwa ni mimi napanga orodha ya vivutio, mwalo wa wavuvi ungekuwa wa kwanza, na ningemsihi mgeni asiukimbie. Kaa hapo saa mbili nzima. Tafuta pa kusimama pasipomzuia mtu, maana wapagazi wanapita na mizigo ya kichwani na hawana nafasi ya kukukwepa. Msalimie kila mama unayemkaribia kabla hujauliza lolote. Mzee aliyeketi akishona wavu muulize habari za usiku, si bei ya samaki. Bei itakuja yenyewe.

Utakachokiona ni hiki. Mtumbwi wa mbao unagusa mchanga, na kabla haujatulia mama wachuuzi wameshauzunguka. Wengine wana haki ya kwanza kwa sababu ndio waliotoa fedha ya mafuta ya mashine au ya nyavu, na deni lao linalipwa kwa samaki. Samaki mkubwa anayegombewa ni kapiteni. Msomaji wa Mwanza anamwita sangara, wa Kisumu mbuta, wa Uganda mputa. Na hapa ningependa wasomaji wa Ziwa Victoria watulie kidogo, kwa sababu jambo hili linawahusu. Sangara hakuwa wa kwao. Alichukuliwa katika Ziwa Albert na Turkana, akapandikizwa Victoria miaka ya 1950 na ya mwanzo wa 1960, akala samaki wadogo wengi wa kule, kisha akajenga viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Jinja. Huku Albert yuko nyumbani kwao, amezoeana na jirani zake tangu zama. Ziwa hili lina hata ndugu yake mdogo mwenye macho makubwa asiyepatikana kwingine kokote duniani, anayekaa kwenye maji ya kina.

Baada ya kapiteni huja tilapia, kambare, na ngasa mwenye meno ya nje ambaye hata akiwa amekufa wavuvi humshika kwa uangalifu. Kisha kuna wadogo, muziri, dagaa wa ziwa hili. Hao huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi taa za betri na za jua zimeshika nafasi. Kadiri kapiteni wakubwa wanavyopungua, ndivyo dagaa hao wanavyozidi kubeba uchumi wa pande zote mbili za ziwa. Ukiona eneo kubwa la ardhi linang'aa fedha mchana, ni muziri walioanikwa.

Hatua chache kutoka mwaloni kazi inabadilika. Samaki asiyenunuliwa akiwa mbichi hapewi muda. Anapasuliwa mgongoni, matumbo yanatolewa, anajazwa chumvi na kupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha anatandazwa juani mpaka awe makayabu. Mwingine anabanikwa juu ya moshi. Kila njia ina mwisho wake: makayabu huvumilia safari ndefu hadi Bunia na machimbo ya dhahabu ya Djugu, wa moshi hupendwa kwa mchuzi wa sombe, mbichi hupandishwa mlimani asubuhi ile ile kabla jua halijamharibu. Barafu ni ghali na umeme ni wa kubahatisha, kwa hiyo chumvi, jua na kuni ndivyo vinavyoamua samaki gani atafika wapi. Huu ni ufundi, na umo mikononi mwa wanawake. Yeyote anayetaka kuifahamu Ituri angepaswa kusimama mahali hapa kabla ya kufungua ripoti yoyote.

Soko liko palepale. Utasikia Kihema, Kilendu, Kialur, Kiswahili cha Ituri, Kilingala cha askari na wanamuziki, na Kinyoro cha waliovuka usiku. Kihema cha upande huu na Kinyoro cha ng'ambo ni ndugu wa karibu sana. Mtu wa Hoima na mtu wa Tchomia hawahitaji mkalimani. Bei hutajwa kwa faranga, kwa dola au kwa shilingi za Uganda, kutegemea bidhaa ilikotoka: sabuni, mafuta na vyombo vya plastiki vinatoka ng'ambo, muhogo na maharage yanashuka kutoka juu. Na ukipanga kukutana na mwenye boti, uliza saa ya wapi. Ituri iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na mwaloni wapo wanaotumia hii na wanaotumia ile.

Kufikia saa nne joto linakuwa kali, nawe utakuwa na njaa. Agiza kapiteni wa mchuzi na bugali wa muhogo, pilipili pembeni, na lengalenga kama ipo. Usiulize orodha ya vyakula. Uliza kimefika nini leo. Nimekula sangara katika hoteli za miji mikubwa, akiwa amekatwa minofu na kupambwa kwa limau, na sijapata kukutana na ladha ya samaki aliyetoka majini alfajiri na kuingia sufuriani kabla ya adhuhuri.

Sasa maji yenyewe. Yanavutia, na watoto watakuwa wamejaa humo. Mgeni asiingie. Kichocho cha tumbo kimeenea sana katika vijiji vya mwambao huu. Watafiti wamekithibitisha kwa miaka mingi upande wa Uganda na upande wa Ituri pia. Vimelea hutoka kwa konokono wadogo wa kwenye kina kifupi, penye majani, pale pale mtu anapopenda kuoga. Kuna pia viboko na mamba. Tembea ukingoni, tazama furukombe akishuka kunyakua samaki, tazama mdiria mweusi na mweupe akielea hewani kabla ya kujitupa majini, tazama marabu wakisubiri matumbo ya samaki kwa subira ya waombolezaji. Ukiona mstari wa kuta zilizobomoka au miti iliyokufa ikiwa imesimama majini, ujue ziwa lilipanda. Mvua kubwa za kuanzia mwisho wa 2019 zililijaza hadi likameza nyumba za mwambaoni na kuwahamisha wenyewe. Si mara ya kwanza: katika miaka ya mwanzo ya 1960 lilipanda vivyo hivyo, likaiharibu bandari ya Butiaba ng'ambo na kuizamisha meli ya Robert Coryndon.

Meli hiyo inastahili aya yake, maana inahusu utalii. Iliundwa upya Butiaba mwaka 1930, na kabla haijazama ilikuwa ikizunguka bandari za ziwa, Kasenyi ikiwemo. Msafiri wa zama zile aliweza kupanda treni Mombasa, kuvuka Uganda kwa reli, boti na gari, kushika meli Butiaba, na kuteremkia Kasenyi ili aendelee kwa gari kupitia Irumu hadi Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Pwani hii ilikuwa mlango wa wageni. Kasenyi yenyewe iko kusini ya Tchomia kwa kilomita chache. Mtu mwenye miguu mizuri anafika asubuhi na kurudi kwa pikipiki jua likikaza. Njia inapita tambarare, ziwa likiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia. Ni matembezi ninayoyapenda kuliko yote ya eneo hili, kwa sababu ya kilichopita humo miaka mia na thelathini na kitu iliyopita.

Desemba 1887, Henry Morton Stanley alisimama juu ya ukingo wa uwanda na kuliona ziwa hili kwa mara ya kwanza akitokea magharibi. Alikuwa amekwenda kumwokoa Emin Pasha, yaani Eduard Schnitzer, daktari mzaliwa wa Silesia aliyekuwa gavana wa Equatoria na kukatiwa njia na vita vya Mahdi huko Sudan. Stanley hakukuta habari za Emin wala mtumbwi wa kumtosha, akarudi msituni kuifuata mashua yake ya chuma, Advance, iliyosafirishwa kwa vipande juu ya mabega ya watu. Aprili 1888 mashua ilifungwa, ikatumwa kaskazini, na jioni ya tarehe 29 mwezi huo Emin akaja kwa meli yake ya Khedive hadi kwenye kambi katika nchi ya chifu Kavalli, kwenye mwambao huu wa kusini-magharibi. Aliyekuja kuokoa ndiye aliyekuwa amekonda na kuvaa matambara; aliyekuja kuokolewa ndiye aliyeleta nafaka, asali, chumvi na nguo. Mwaka uliofuata waliondoka pamoja kutoka Kavalli mwezi Aprili, wakatembea hadi Bagamoyo, wakafika Desemba 4, 1889. Usiku huo huo, katikati ya karamu, Emin alianguka kutoka ghorofani na kupasuka kichwa. Alipona, akarudi bara, na mwaka 1892 akauawa katika misitu ya mashariki ya Kongo.

Hayo yameandikwa na Wazungu wengi. Wasioandikwa vya kutosha ni waliobeba. Stanley aliandikisha Zanzibar watu zaidi ya 600, na wengi mno kati yao walikufa katika msitu wa Ituri kwa njaa, mishale, vidonda na adhabu. Waliofika kwenye ukingo ule na kuteremka hadi maji ya Albert walikuwa watu wa Unguja, wakisemezana Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia Ituri kwa njia nyingine pia: wafanyabiashara wa pembe kama Ugarrowwa na Kilonga-Longa walikuwa na kambi zao msituni humo, na kambi hizo zilijengwa kwa kuchoma vijiji na kuteka watu. Lugha ninayoandikia makala hii, na ambayo mama wa mwaloni anakutajia bei ya kapiteni kwayo, ilifika Ituri na wapagazi waliokufa njaa na watekaji waliowaua wenyeji. Nikitembea njia ya Kasenyi nawafikiria hao wote, na siwezi kuwatenga wa kwanza na wa pili.

Jioni tazama magharibi. Milima inayoinuka nyuma ya mji ni sehemu ya ile inayoitwa Milima ya Bluu. Machi 14, 1864 Samuel Baker na mkewe Florence walifika ziwani kutoka upande wa Bunyoro, na mbali ng'ambo wakaona safu hii ikiwa na rangi hiyo, pamoja na maporomoko yaliyochirizika kwenye mbavu zake. Baker ndiye aliyelipa ziwa jina la mume wa malkia wake. Wanyoro walikuwa na jina lao, Mwitanzige, muua nzige. Mobutu naye alilipachika jina lake katika miaka ya 1970, likadumu hadi alipoanguka 1997. Jua likizama nyuma ya safu hiyo, mji unaingia kivulini mapema huku maji ya mbali yakiwa bado na mwanga.

Niliahidi kuyafikia ya huzuni. Hospitali kuu ya Tchomia nayo iko katika mwendo wa miguu, na mgeni hana sababu ya kwenda kuitazama. Lakini akipita mbele yake ajue anapita wapi. Mei 31, 2003 mji ulishambuliwa na wanamgambo, na waliouawa ni pamoja na wagonjwa waliokuwa vitandani. Bogoro, uliyoipita ukishuka kutoka Bunia, ilishambuliwa Februari 24 mwaka huo huo. Kwa shambulio hilo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga mwaka 2014, na mwaka 2017 ikaagiza wahanga 297 walipwe fidia. Mapema 2018, vita vilipozuka tena Djugu, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia mwambao huu na kuvuka kwenda Sebagoro, Uganda, ndani ya mitumbwi hii hii ya kuvulia. Wapo waliozama. Septemba 2018 Ebola iliyoanzia upande wa Beni ikafika Tchomia, na mwalo ukajaa ndoo za maji ya klorini na watu wa kupima joto. Hapa haikusambaa kama ilivyofanya Beni na Butembo.

Usiulize mtu yeyote habari hizo. Wanaotaka kusimulia watasimulia wenyewe, na wakianza, sikiliza mpaka mwisho. Nimesoma taarifa nyingi ambamo mama wa Tchomia ananukuliwa kwa sentensi moja kuhusu aliyempoteza, na hakuna neno kuhusu samaki aliyekuwa akimpasua wakati anaulizwa. Hiyo sentensi moja haimtoshi.

Hali ya usalama nayo isifichwe. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, makundi yenye silaha hayajaisha, na ipo miezi ambayo barabara ya Bunia haipitiki. Kabla ya kushuka, uliza Bunia kwa watu wanaoipita kila siku: madereva, wauza samaki, watu wa parokia. Wakisema ngoja, ngoja. Ukifika, jitambulishe kwa wenye mamlaka ya mahali na ya utawala wa kichifu wa Bahema-Banywagi, beba karatasi zako, na kamera isielekezwe kwa askari, kwa boti za doria wala kwa bandari. Ziwani kuna mpaka usio na alama. Wavuvi wa Kongo hukamatwa na askari wa Uganda, wakadaiwa faini au wakapoteza mashine, na mwaka 2007 ugomvi wa mpaka na mafuta ya petroli uliwafanya wakuu wa nchi mbili kukutana Ngurdoto, Arusha, kutafuta suluhu. Kwa hiyo yule atakayekuambia nipe kiasi fulani nikupeleke kuona Uganda, mshukuru na ubaki nchi kavu.

Ninachowaomba watu wa Bunia, hasa wenye magari na mishahara, ni kushuka huku siku tulivu zinapopatikana. Mnunue samaki mahali anapotua. Mlipe chumba, mlipe chakula, mlipe kijana atakayewatembeza mwaloni na kuwaeleza wavu upi unaruhusiwa na upi umepigwa marufuku kwa kumaliza vichanga. Fedha ya mgeni mmoja haitamaliza shida za mji. Inatosha hata hivyo kununua chumvi ya tabaka kadhaa za makayabu, na mama mchuuzi anajua tofauti iliyopo kati ya wiki yenye chumvi na wiki isiyo nayo.

Na kwa walimu wa shule za Tchomia na Kasenyi nina ombi jingine. Kati ya miji hii miwili pangefaa kuwekwa kibao, hata cha mbao, kinachosema kwamba katika mwambao huu, Aprili 1888, Stanley alikutana na Emin Pasha. Mstari wa kwanza uwe wa Kavalli, chifu mwenye nchi. Wa pili uwe wa wapagazi wa Zanzibar. Majina ya Wazungu wawili yaje chini yao, na maandishi yote yawe kwa Kihema na Kiswahili.